Araba Aulizwe Mara Tatu

Ting. Ting. Kijiko kiligonga kikombe gizani. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na Ebo alikuwa akikoroga uji wa mahindi kwa kupapasa.

"Baba, cha Mama je?" Sauti ya Ewurama, miaka minne, ilitoka chini ya shuka.

"Nimekumbuka, bibi yangu. Hiki hapa."

Vikombe vitatu kila asubuhi, miezi tisa sasa. Cha tatu Ewurama hukifunika kwa kisahani mwenyewe, na hakuna anayethubutu kukigusa. Mama yake yuko Marekani, amekwenda na wasomi wanaobadilishana vyuo, kuchunguza unga uliochacha wa kenkey, yale madonge ya mahindi yanayoliwa kila siku hapa Ghana. Mji mzima wa Cape Coast ulicheka: mtu anapanda ndege kwenda kusomea kenkey!

Ebo aliwasha simu, akausoma tena ujumbe wa jana.

"Mpenzi, kesho ndiyo kesho. Saa saba yenu, saa tatu yangu. Nitapita kwanza maabara kuulisha unga wangu, na humo simu haziingii, zinafungiwa kabatini. Saa tatu kamili napiga mimi. Vazi langu la kente nimeshalinyoosha."

Kesho yenyewe ilikuwa hii Jumapili. Baada ya ibada, Ebo angepeleka kinywaji cha posa kwa ukoo wa Araba, mama yake Ewurama, na bibi harusi angeulizwa mara tatu mbele ya wazee kama kipokewe. Kwa kuwa hayupo, angejibu kwa simu. Mjomba Kwamena, ndugu wa mama yake Araba na mwenye kauli ya mwisho, alikuwa amekubali shingo upande.

"Nasubiri leo tu," alikuwa amemwambia Ebo. "Asipojibu, beba chupa zako. Na Ewurama naondoka naye kesho kwenda kwangu Tamale, mtoto ni wa ukoo wetu. Mpwa wangu anakuwa daktari wa chuo kikuu, wewe fundi majokofu. Kazi yako kupoza. Usije ukampoza na yeye."

Saa saba ua wa ukoo wa Araba ulikuwa umejaa. Simu iliegeshwa kwenye chupa ya pombe ya jini. Ebo hakuiamini saa yake, akachungulia ya jirani. Saa saba. Dakika tano. Kumi. Simu haikulia.

"Mpigieni nyie, basi," Mjomba aliamuru. Simu ikaita. "Araba! Kinywaji hiki tukipokee?"

Ikaita mpaka ikakatika.

"Mara ya pili! Araba, tukipokee?"

Ikaita. Kimya.

"Kashapata Mzungu," mtu alinong'ona, kwa sauti ya kusikika na wote.

Ebo akaiegesha simu tena kwenye chupa. Ewurama alikuwa amekaa miguuni pake na kile kikombe cha uji mkononi. Alikataa katakata kukiacha nyumbani.

Hapo akainuka Shangazi Aba, mshenga wa Ebo, mwanamke wa mwili na maneno.

"Mjomba, nina kesi. Pale mlangoni mlinitoza ada ya miguu miwili. Huu wa kushoto mbovu, bado haujaingia. Nadai haki yake!"

Watu wakacheka.

"Aba, huo mguu utatuweka hapa mpaka lini?"

"Ni mzito, Mjomba. Umebeba mimba saba."

Akauimbia mguu wake, akaucheza, akauzungusha ua mzima. Alipoishiwa pumzi, akamgeukia mzee bila mzaha.

"Na huyu mnayemwita fundi majokofu. Unga uliompeleka Araba Marekani ulihifadhiwa wapi? Ndani ya jokofu lililokufa, ambalo huyu alilifufua kwa mikono yake. Yeye mwenyewe kakaa kimya tu, mimi siwezi."

Mjomba alikohoa. "Maneno nimeyasikia. Jibu sijalisikia. Saa nane hii. Naita mara ya tatu, na ya mwisho."

"Mjomba, subiri kidogo tu," Ebo alisema.

"Kwa sababu gani?"

"Araba akisema saa tatu kamili, hupiga saa tatu kamili. Tangu nimjue."

"Kachelewa saa nzima!"

Simu ikalia.

"Mume wangu! Saa tatu kamili, sijachelewa hata dakika!" Araba alionekana kwenye kioo cha simu, amejifunga kente juu ya koti jeupe la maabara, anameremeta. "Mbona mmenuna kama mko matangani?"

"Araba, huku saa nane!"

Akaziba mdomo. "Yesu wangu! Usiku wa kuamkia leo huku wamerudisha saa nyuma. Hufanya hivyo kila mwaka baridi ikikaribia. Niliambiwa, nikasahau, na simu imejirudisha yenyewe!"

"Wamerudisha saa?" Mjomba aliuliza. "Watu wazima, wakae wajadiliane na jua?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na hao ndio wanaotufundisha!"

Ua ukaangua kicheko. Mjomba hakucheka muda mrefu.

"Nimesikia huko chuoni wanakutaka ubaki miaka miwili zaidi. Kinywaji tukishakinywa, Araba, hatuwezi kukitapika. Tukipokee?"

"Niulize zote tatu, Mjomba, nisije nikadaiwa."

"Tukipokee?"

"Kipokeeni."

"Tukipokee?"

"Kipokeeni!"

"Kwa mara ya mwisho?"

"Kipokeeni, mkimalize! Na hao wa chuo nimewajibu. Krismasi nakula nyumbani. Nimewaambia kenkey inachachia Cape Coast, utafiti ukamalizikie hukohuko. Wamekubali, Mjomba! Wanaleta vifaa, na jokofu refu kuliko Ebo. Wakauliza nani atalitunza. Nikasema fundi ninaye, nimemzalia mtoto."

Vigelegele vilipaa mpaka kwa majirani. Ebo alifuta macho kwa ukingo wa vazi lake bila kumficha mtu. Mjomba alifungua chupa, akadondosha tone chini kwa ajili ya waliotangulia, kisha glasi ya kwanza akampa Ebo kwa mkono wa kulia.

"Kunywa, mkwe. Halafu tuzungumze. Jokofu langu la Tamale halipozi."

Ewurama akapenya katikati ya magoti ya wazee, akasimama mbele ya simu, akakiinua kikombe kwa mikono miwili na kuondoa kisahani.

"Mama, nimekuwekea uji."