Upande wa Kushoto wa Kaveri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chaitra alikuwa na kazi tatu. Alimwagilia mrehani wa Bibi uani, akachora maua kwa unga mweupe mbele ya mlango, kisha akamfukuza paka aliyelala juu ya boneti ya Kaveri. Kazi ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, maana paka yule alikuwa mkaidi na boneti ilikuwa na joto tamu la jua la Mysuru, mji wa kusini mwa India.

Kaveri lilikuwa gari jeusi, la mviringo, lenye taa kubwa za mbele zilizoonekana kama macho ya mtu aliyeshtuka. Babu Puttaswamy alilinunua zamani, akiwa bado na nywele, na akalipa jina la mto ili lisiache kwenda. Kwa miaka arobaini lilikuwa limekwenda kweli. Lilimpeleka Bibi hospitali kujifungua, likawapeleka watoto kwenye mitihani, na likambeba Chaitra mwenyewe kutoka hospitali akiwa na siku mbili.

Lakini mwaka huu rangi ilikuwa imefifia, na bega la Babu liliuma hata hakuweza tena kulisugua. Baba Mkubwa Raghunandan, kaka yake baba, alikuwa amekuja kutoka mji wa Bengaluru kwa ajili ya sikukuu, na neno lake la kwanza baada ya kuinama na kugusa miguu ya wazazi wake lilihusu gari hilo.

"Baba, hiki ni chuma chakavu. Kinajaza ua bure. Nimeshaongea na mnunuzi, atakuja keshokutwa saa kumi jioni."

"Ngoja sikukuu ipite," alisema Babu. "Litazame siku ya ibada. Ukiona ni chuma chakavu, lichukue. Ukiona ni gari, liache."

"Sawa," alisema Baba Mkubwa. "Nitalitazama vizuri, pande zote."

Chaitra alisogea karibu na Babu. Kesho yake ilikuwa siku ya tisa ya sikukuu, siku ya kuvibariki vyombo vya kazi, na magari yote ya mtaa huoshwa, hung'arishwa na kuvishwa mashada ya maua.

"Babu, niachie mimi!" alidakia. "Nitalipaka nta mwenyewe. Nina miaka kumi na miwili, mikono yangu ina nguvu. Nishike uone!"

Babu alimshika mkono, akajifanya kuupima kama anayenunua tango sokoni. "Haya. Lakini nta haitaki nguvu, mjukuu wangu. Inataka subira."

Basi kazi ikaanza. Babu aliketi kwenye kiti, akielekeza kwa fimbo. Waliosha gari mara mbili, wakalikausha, wakalisukuma kivulini chini ya ukuta, maana nta ikipakwa juani huganda vibaya. Bibi Sharadamma akatoa sari yake kuukuu ya pamba, iliyolainika kwa kufuliwa miaka mingi, akaichana vipande.

"Sehemu ndogo kwa wakati mmoja," alisema Babu. "Chovya spongi, paka nyembamba, nyembamba kabisa. Unapaka gari, hupaki samli kwenye mkate. Ngoja ikauke mpaka iwe nyeupe kama ukungu kwenye kioo. Jaribu kwa kidole. Kidole kikitoka kisafi, futa kwa kitambaa. Na kitambaa kikianguka chini, usikitumie tena. Kina mchanga, kitakwangua rangi."

Chaitra alipaka boneti, akangoja, akafuta. Loo! Chini ya ule ukungu mweupe weusi uliibuka, na ndani ya weusi huo aliuona uso wake mwenyewe ukimcheka. Alipiga kelele ya furaha hadi paka akaruka ukuta. Akapaka paa, akapaka buti, akamaliza upande wote wa kulia. Saa tisa alasiri mikono ilikuwa inawaka, na Babu na Bibi walikuwa wamekwenda sokoni kununua maua. Ulibaki upande wa kushoto, milango miwili na madgadi mbili.

Hapo ndipo Lohit, mtoto wa jirani mwenye bajaji, alipochungulia getini akitweta.

"We Chaitra! Tembo wa maandamano ya sikukuu wako mazoezini barabara kuu! Mkubwa wao anapita sasa hivi! Unabaki hapo kumbembeleza bibi kizee wako wa magurudumu?"

"Namaliza upande huu kwanza."

"Ukimaliza, tembo watakuwa wameshafika kwao wanakula miwa. Shauri yako!"

Chaitra aliutazama upande wa kushoto. Saa mbili nzima za kupaka, kungoja na kufuta. Kisha akaiona chupa ya Bibi ya mafuta ya nazi, ile ya nywele, imeachwa juani dirishani. Akamimina kidogo kwenye kitambaa na kukipitisha mlangoni. Mlango ukameremeta papo hapo! Ulimeremeta hata kuushinda ule wa kulia. Kwa dakika tano tu upande mzima ulikuwa tayari, naye akatoka mbio kwenda kuwaona tembo.

Babu aliporudi jua lilikuwa linazama. Alizunguka gari, akalisogelea, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Mwaka huu umenishinda hata mimi," alisema. Chaitra alitaka kufurahi, lakini aliinama kukusanya vitambaa asikutane na macho yake.

Asubuhi ya ibada mtaa mzima ulinukia maua na ubani. Kila nyumba ilipanga vyombo vyake vya kazi. Seremala alilaza misumeno yake, fundi cherehani mkasi wake, na watoto wakalaza vitabu vyao kwa furaha kubwa, kwa kuwa siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kuvifungua. Mbele ya Kaveri, Bibi alipanga spana, pampu, ndoo, kopo la nta, spongi na vile vitambaa vya sari. Aliweka alama za msandali na unga mwekundu kwenye boneti, akazungusha moto wa kafuri na kuweka ndimu moja chini ya kila gurudumu. Babu akawasha injini na kusogeza gari. Ndimu zikapasuka, pwaa! Watoto wakashangilia. Lohit akapasua boga barabarani ili kufukuza mikosi, na Kaveri likatoka getini likiwa na shada shingoni, Baba Mkubwa ameketi mbele na Chaitra nyuma akipunga mkono kama waziri.

Walikwenda hekaluni na kurudi, njia fupi tu. Lakini barabara ya hekaluni ilikuwa inachimbwa, na vumbi jekundu lilipanda juu kila gari lilipopita. Walipofika nyumbani, Baba Mkubwa alishuka, akazunguka gari kama alivyoahidi. Upande wa kulia alipitisha kiganja, vumbi likateleza na weusi ukabaki uking'aa. Akaenda upande wa kushoto. Akasimama.

"Baba," aliita taratibu, "njoo uone."

Upande mzima wa kushoto ulikuwa mwekundu. Vumbi lilikuwa limeganda juu ya mafuta, kama chapati mbichi iliyoviringishwa kwenye unga.

"Mimi sisemi kwa ubaya," alisema Baba Mkubwa. "Lakini macho yako yamechoka, Baba, na bega pia. Umesimamia upande mmoja, wa pili hukuuona. Hili gari linahitaji mtu wa kulitunza, na mtu hatuna. Mnunuzi aje tu kesho."

Babu aligusa mlango. Akakitazama kidole chake, akakinusa. Kisha akamwangalia Chaitra, mara moja tu, na Chaitra akajua kwamba Babu amejua.

"Huenda ni kweli, Raghu," alisema Babu polepole. "Huenda nimechoka."

Chaitra aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu ambaye angemuuliza. Lakini Babu alikuwa amesimama pale ameinamisha kichwa, akibeba kosa ambalo si lake, na gari lake linakwenda kuuzwa.

"Si Babu!" alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni mimi, Baba Mkubwa. Babu alinifundisha vizuri. Upande wa kushoto sikupaka nta. Nilipaka mafuta ya nywele ya Bibi, nikakimbia kwenda kuona tembo. Babu aliponisifu nikakaa kimya."

Baba Mkubwa aligeuka kumtazama. Halafu Bibi akapiga makofi.

"Ndiyo maana chupa yangu ilipungua! Nami nilimshuku Raghu, ingawa sijui angeyapaka wapi na kichwa kile."

Hata Baba Mkubwa alishindwa kuzuia tabasamu, akajipapasa kipara. Lakini alipomtazama tena Chaitra uso ulikuwa mkavu. "Umesema kweli, vizuri. Ila njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia hekaluni. Gari bado ni hilihili ninaloliona."

"Nitaurudia! Nipe hilo kopo, Bibi!"

"Thubutu!" alisema Bibi. "Vyombo vimelala leo. Hakuna kuvigusa mpaka kesho asubuhi."

Basi Kaveri lilishinda siku ile nzima na vumbi lake, na kila aliyekuja kusalimia aliliona. Lohit alipita mara tatu makusudi. "Chaitra, lile gari mnaliendesha au mnalikaanga?" Chaitra aliuma meno akangoja. Alikuwa hajawahi kuona siku ndefu namna ile.

Siku ya kumi ni siku ya kuanza mambo mapya. Kabla hata jua halijachomoza Chaitra alikuwa ameshaoga, amesimama mbele ya vyombo. Bibi alivigusa kimoja kimoja, akasema, "Haya, amkeni," na Chaitra akadaka kopo.

Mafuta hayakutoka kirahisi. Aliosha kwa sabuni mara moja, mara mbili, na ya tatu, ndipo maji yalipotoka safi. Akakausha. Akapaka nta kwenye madgadi ya mbele, nyembamba, akangoja, akajaribu kwa kidole, akafuta. Kitambaa kilimponyoka kikaanguka chini, akakitupa kando na kuchukua kingine. Jua lilipofika upande ule alimwita Lohit wasukume gari kivulini. Likagoma. Wakasukuma tena, na mara likaenda jepesi. Chaitra alipogeuka alimwona Baba Mkubwa nyuma ya buti, amekunja mikono ya shati na kutoa jasho.

"Usinitazame, sukuma!" alifoka Baba Mkubwa.

Baadaye alileta kiti, akaketi kumtazama akipaka. Adhuhuri ngoma za maandamano zilianza kusikika mbali. Lohit alirukaruka kwa mguu mmoja. "Chaitra, leo si mazoezi! Leo ndiyo maandamano yenyewe, tembo wamevaa dhahabu!"

"Tangulia."

Alikuwa amelala chini ubavu, akipaka ukingo wa chini wa mlango wa nyuma.

"Hapo chini nani ataona?" aliuliza Baba Mkubwa.

"Vumbi litaona," alijibu Chaitra bila kugeuka.

Baba Mkubwa alisogeza kiti chake karibu zaidi.

Saa nane alifuta mahali pa mwisho. Hakuwa amekunja hata kitambaa pale wingu lilipopasuka na mvua ya ghafla ikamwagika. "Hapana!" alilia Chaitra. Babu, aliyekuwa ametoka nje na Bibi, akamshika bega. "Ngoja. Tazama."

Matone yalianguka juu ya weusi ule, yakajikusanya duara duara kama shanga, yakabingirika mpaka chini. Upande wa kulia, upande wa kushoto, hakukuwa na tofauti. Mvua ilipopita, Kaveri lilikuwa linang'aa kuliko kabla haijaanza, na sura za wote wanne zilionekana zimejipanga kwenye mlango wake kama kwenye picha. Chaitra aliruka juu, akaruka tena, akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka.

Baba Mkubwa alitoa simu. "Halo? Ndiyo, ni mimi. Usije leo. Hapana, usije kabisa. Hapa hakuna chuma chakavu. Hapa kuna gari." Akairudisha simu mfukoni, akamtazama baba yake. "Nilisema halina mtu. Kumbe lina mtu."

Babu alimkabidhi Chaitra kopo la nta. "Sasa ni lako. Sikia, mjukuu wangu. Mafuta nayo yaling'aa, tena kwa dakika tano. Lakini kilichong'arishwa kwa hila hungoja vumbi la kwanza tu. Kazi ya kweli huingoja mvua bila hofu. Na jana, uliposema 'ni mimi', ndipo ulipoanza kuupaka upande ule. Haya ya leo yalikuwa kumalizia."

Ngoma zililia tena, karibu zaidi. Bibi alikuwa ameshaingia garini na mwavuli wake.

"Tutawahi?" aliuliza Chaitra.

"Tutawahi," alisema Babu akiwasha injini. "Na nitaegesha upande wa kushoto uwaelekee watu."