Taa ya Mkanda

Kwa Rayhana, taa ya mkanda ndiyo iliyoanza.

Rayhana alikuwa kwenye cherehani, akikunja upindo wa gauni la kitenge la jirani yake Mukantwari. Aliinua macho kupumzisha shingo, akaona kitaa chekundu kwenye televisheni. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama: umbo la mtu ameketi, na mstari umemkata kifuani. Kilikuwa kinawaka kwenye dashibodi ya gari la mashindano ambalo mumewe, Abdu, alilikimbiza katika mchezo wa video. Saa tisa mchana. Mvua ilipiga mabati ya mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi.

"Baba Mutesi, hii taa nyekundu inasema nini?"

"Abiria hajafunga mukanda," Abdu alijibu bila kugeuka. Halafu mguu wake ukalegea kwenye pedali. "Lakini... hii gari iko na kiti moja tu."

Ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe alikicheka kile kiti siku binti yao Mutesi alipouleta mchezo ule kutoka Kigali, pamoja na usukani wake na pedali zake. "Gari ya mutu moja, sawa jeneza!" alisema siku hiyo, na wote watatu wakacheka.

Abdu alikuwa ameendesha malori miaka ishirini na miwili, kutoka Gisenyi mpaka Dar es Salaam na kurudi, hadi ugonjwa wa sukari ulipomla vidole vya mguu akaambiwa apumzike. Kupumzika kulikaribia kumuua. Alikaa akitazama ukuta kama mtu anayesubiri foleni ya mpakani isiyosogea. Usukani ule wa plastiki ndio uliomrudisha. Alizipenda hasa taa zake. Alimfundisha Rayhana: kijani, njano, nyekundu zikipanda, badilisha gia; bluu ikiwaka, nyuma yako kuna mwenye kasi anataka kupita. Na kwenye usukani kulikuwa na vitufe viwili, cha kushoto na cha kulia, vya kuwasha taa za pembeni. Tik-tak, tik-tak.

"Ona, hata hawa wa mashindano wanajua luga yetu!" alifurahi.

Lugha ya madereva wa malori, alimaanisha. Mwenye lori huona mbele. Aliye nyuma haoni. Basi, wa mbele humwambia wa nyuma kwa taa. Kushoto: usipite, kuna kitu kinakuja. Kulia: njia nyeupe, pita.

"Mashine imeharibika," Abdu alisema sasa, akaizima. Lakini Rayhana aliona kwamba kabla ya kuzima alitazama upande wa pili wa kochi, pale pasipokuwa na mtu.

*

Kesho yake Mukantwari alikuja kujaribu gauni, Abdu akiwa amesinzia kwenye kochi. Alikuwa amekulia Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, mwili wake mkubwa na ulimi wake mkubwa zaidi.

"We Mama Mutesi, unanibana hapa sawa polisi wa barrière! Unatafuta nini, nimeficha sukari?"

"Simama vizuri, nisikuchome."

Umeme ulikatika. Friji ilinyamaza, redio ya jirani ilinyamaza. Cherehani ya Rayhana ilikuwa ya mguu, haikujali. Aliingiza pini nyingine, na Mukantwari akanyamaza naye, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Mama Mutesi."

"Nini tena?"

"Courant haiko."

"Najua."

"Donc ile taa inawaka na nini?"

Ndani ya kioo cheusi cha televisheni, mtu mdogo mwekundu alikuwa ameketi, na mstari kifuani. Kisha wakasikia, kwa upole, kama maji yanayodondoka kwenye sufuria ya chumba cha pili: tik-tak. Tik-tak. Na harufu ikaja, harufu ya breki zilizoungua kwenye mteremko mrefu, na chini yake ubaridi wa ukungu na udongo uliolowa, wakati madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Yampayinka!" Mukantwari alinong'ona. "Mi ninaenda."

"Gauni iko na mapini!"

"Acha yanichome!"

Akatoka mbio mvuani, pini zikimeta mgongoni.

Rayhana aligeuka. Abdu alikuwa ameketi kwenye kochi mbele ya kioo kile cheusi, mikono kwenye usukani, mguu wake mzima ukikandamiza pedali ya breki. Hakuwa amesikia kelele, hakuwa amesikia mvua.

"Baba Mutesi?"

Akageuza uso polepole. Midomo ilikuwa ya Abdu. Sauti ilikuwa laini, ya kijana, yenye Kiswahili kilichonyooka cha ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, cha Tanzania.

"Samahani, mzee," ilisema. "Nipite?"

Katika miaka thelathini ya ndoa, Rayhana hakuwahi kumsikia mume wake akisema samahani.

*

Usiku ule alipomvua shati alikuta alama. Mstari mwekundu, mpana kama utepe wa kupimia, ulitoka bega la kulia ukashuka mpaka nyonga ya kushoto. Rayhana aliishi kwa kupima miili ya watu. Jicho lake halikosei. Akaugusa. Ulikuwa wa moto.

Siku tatu zilizofuata Abdu alikula kidogo, akasema kidogo. Kila alasiri mikono yake ilipanda yenyewe kwenye usukani, na kila alasiri mstari ule ulizama zaidi, mpaka pumzi yake ikawa fupi, kama ya mtu aliyebanwa na chuma.

Siku ya nne Rayhana alimwita Maalim Mudathiru. Huyu alikuwa fundi wa umeme wa magari kwenye barabara inayoshuka Grande Barrière, lango la mpaka wa Goma, na jioni alifundisha watoto Kurani na kuwasomea wagonjwa. Alikuja na mikono yenye grisi, chupa ya maji ya kusomea mfuko mmoja, taa ya kupimia nyaya mfuko mwingine.

"Kwa gari, kwa mutu, kazi ni moja," alisema akivua viatu. "Ninatafuta pahali waya ilikatika."

Akaitazama alama ya kifuani kwa muda mrefu.

"Abdu, lori yako ilikuwa na usukani upande gani?"

"Kushoto. Sawa zetu zote."

"Mukanda wako, basi, ungetoka bega ya kushoto. Huu umetoka bega ya kulia. Huyu mwenye kukukalia aliendesha gari ya usukani kulia. Gari ya Tanzania." Alishusha sauti. "Ni nani?"

Abdu alifumba macho. Rayhana alimshika mkono, na mkono ulikuwa baridi kama samaki.

"Miaka kumi na moja imepita," Abdu alisema. "Nilikuwa nimevuka Rusumo asubuhi. Kule wanaendesha upande wa kushoto, munajua. Ukivuka unabadilisha upande, na taa nazo zinageuka. Kule kulia ndiyo usipite. Kushoto ndiyo pita. Nilikuwa nimechoka. Milima ya kuelekea Ngara, ukungu. Nyuma yangu kagari keupe, kananiuliza na taa: nipite, mzee? Mbele ninaona lori inashuka. Nikamuwashia kushoto. Mukono ulikuwa bado Rwanda. Mi nilisema usipite. Yeye alisoma pita. Akanipungia mukono, akanishukuru. Akapita."

"Na haukusema kwa mutu," Mudathiru alisema.

"Hata kwangu," alisema Rayhana.

"Na hapa, kwa mchezo?" Maalim aliuliza. "Taa ya bluu iliwaka?"

"Wiki mbili. Ninaendesha peke yangu, hakuna gari ingine, na bluu inawaka. Kwa kioo cha nyuma ninaona kagari keupe. Niliogopa. Kila siku ninamuwashia kushoto, usipite, usipite!"

Mudathiru alijipiga paja.

"Bwana we! Kila siku unamufukuza na neno lake la karibu! Aliyekufa harudi, lakini kila mutu ana karini wake, jini la kuzaliwa naye, na huyu alibaki barabarani na swali moja. Unamwambia nini? Pita. Akapita kwa gari yako. Pita. Akapita kwa nyumba. Pita ndani! Sasa amefika kwa kiti, na kiti ni wewe. Siku akishika usukani wote, atakupeleka pale alipofikia yeye."

*

Walifanya kisomo saa ile ile ya alasiri, kwa sababu ndiyo saa aliyokuja. Mudathiru aliwasha mchezo, akamketisha Abdu mbele ya usukani, akasimama nyuma ya kochi na kuanza kusoma kwa sauti ya chini.

"Nitamutoa kwa kiti," alisema kati ya aya. "Atarudi nyuma, atauliza tena. Mujibu kwa luga yake. Mara moja. Ni kulia, Abdu. Kulia!"

Gari likaondoka. Taa za kijani zikapanda, zikawa njano, na barabara ya mashindano iliyokuwa kavu kila siku ikaanza kujaa ukungu kutoka kingo zake, mweupe, mzito, mpaka majukwaa ya watazamaji yakatoweka na kona zikawa si kona za mashindano tena bali za mlima, zenye migomba na mtaro wa maji na jiwe la kilomita ambalo Abdu alipoliona alitoa mlio mdogo kama mtoto. Mudathiru alipandisha sauti. Taa ya mkanda ilipepesa, ikapepesa, ikazima. Kifua cha Abdu kikajaa pumzi.

Kisha taa ya bluu ikawaka.

Kwenye kioo cha nyuma, ndani ya ukungu, mataa mawili yalipepesa kwa adabu. Na mbele, juu kabisa ya mlima, mataa mengine mawili, mapana, ya lori, yalianza kushuka.

"Mujibu!" Maalim alifoka.

Kidole gumba cha kulia cha Abdu hakikushuka, na Rayhana aliona kile cha kushoto kikianza kwenda chenyewe, taratibu, kama kidole cha mtu mwingine, kikitafuta kitufe ambacho kilikitafuta miaka kumi na moja iliyopita, na harufu ya breki ikajaa chumba mpaka machozi yakamtoka, na lori likashuka likikua, na tik-tak ikasikika ukutani na darini na ndani ya cherehani na ndani ya meno yake, na sauti ile ya upole, si kinywani mwa Abdu sasa bali nyuma ya shingo yake yeye mwenyewe, karibu kabisa, ikauliza, "Nipite?", na Rayhana, ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli na kwa hofu ile hakujua tena kulia ni wapi, alitazama mikono yake akaona subana, kile kikofia cha chuma anachokivaa mshonaji asichomwe na sindano, kwenye kidole cha kati cha mkono anaoshonea.

Mkono wa subana. Kulia.

Akaupiga mkono wa kushoto wa mumewe ukaanguka, akabonyeza kitufe cha kulia kwa subana, chuma juu ya plastiki.

"Usipite!" alisema. "Mwanangu, usipite! Baki nyuma!"

Tik-tak. Tik-tak. Tik-tak.

Nyuma, mataa mawili yalisita. Lori likapita kando kwa mngurumo uliotikisa vikombe kabatini, likaenda zake. Ukungu ukapasuka. Barabara ikawa kavu, na watazamaji wa bandia wakapiga makofi.

Abdu aliweka kichwa kwenye usukani akalia. "Samahani," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Samahani, kijana."

*

Alama ilififia kwa siku mbili. Abdu alikula ugali na isambaza, dagaa wa ziwani, akaomba sahani ya pili. Alisema akipata nguvu atakwenda Ngara kuwatafuta watu wa yule kijana, awaambie. Mashine ya mchezo Mutesi aliirudisha Kigali. Mukantwari aliletewa habari yote, akadai fidia ya matobo kumi na manne mgongoni.

Gauni lake lilikwisha Ijumaa. Mukantwari alikuwa kwa dada yake, huko Rugerero, kwenye harusi, na Rayhana akaamua kumpelekea mwenyewe. Asubuhi ilikuwa safi, kilele cha Nyiragongo kikionekana chote. Alichukua teksi ya Evode, kijana wa jirani, aliyejivunia gari lake jipya. Akaketi mbele, gauni mapajani, akafunga mkanda.

Walipoanza kupanda, dashibodi ililia. Ting. Ting. Ting.

"Mama Mutesi," Evode alisema, macho barabarani, "mwambie mwenzako wa nyuma afunge mukanda."

Rayhana alitazama. Kwenye dashibodi kulikuwa na mtu mdogo mwekundu, ameketi, na mstari umemkata kifuani. Hakugeuka. Hakuhitaji kugeuka, ubaridi wa ukungu ulikuwa tayari shingoni. Alikumbuka maneno aliyosema, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu vifungo. Hakumwambia ondoka. Hakumwambia rudi kwenu. Alimwambia baki nyuma. Na yule alikuwa kijana mwenye adabu, aliyefuata alichoambiwa.

Nyuma yake, mkanda ulivutwa polepole kutoka kwenye kikunjio chake. Kisha: kak.

Taa ikazima.

"Asante," alisema Evode, akakanyaga mafuta.