Nimekuja Kuchukua Chavua

"Sikuja kukuona wewe. Nimekuja kuchukua chavua."

Fundi Saa alikuwa ameinamia saa ya mteja, kile kioo chake cha kukuzia kimebanwa jichoni. Hakuinua kichwa. Dada yake, anayekaa kaunta kupokea wateja, ndiye aliyeruka kwenye kiti.

"Wifi! Miezi saba huonekani!"

"Wifi wa zamani, dada. Muulize huyo kaka yako."

Niwaeleze kidogo. Mimi nauza maua. Na huyu fundi tulipendana juu ya mawaridi mawili: jeupe langu lisilo na miiba, lenye harufu ya kukusahaulisha ulikokuwa unaenda, na jekundu lake, linalowaka lakini halinuki chochote. Tulitaka kuyazalisha tupate jekundu linalonukia. Kazi yenyewe ni ya mikono. Alfajiri, ua la mama, yaani jeupe langu, kabla halijafunguka, unakata nyuzi zake zote za chavua na kulifunika kwa mfuko wa karatasi. Kesho yake unalipaka chavua ya baba kwa brashi.

Tukapata mbegu, tukapanda, miche minane ikachanua. Yote myeupe! Mpenzi wangu akanitazama kana kwamba nimejifungua mtoto wa jirani. Akasema nimepaka chavua ya Bwana Kitalu, yule mwenye waridi nyeupe upande wa pili wa ukuta, aliyekuwa akininyemelea. Akabeba chungu chenye mti wake mwekundu, akaifungia namba yangu, akala kona.

"Chavua ya nini?" aliuliza sasa, bado kainama.

"Mti wangu unaoza mizizi. Umebakiza ua moja tu. Nyuzi nimezikata jana alfajiri, leo kati yake panata, pako tayari kushika chavua. Ikifika kesho mchana patakuwa pamekauka, na habari ya waridi letu imekwisha."

"Si ukamwombe Bwana Kitalu?"

Dada yake akashika mdomo. Mimi sikununa, nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa tawi kwenye mkoba, nikalilaza juu ya saa zake.

"Pitisha kidole."

"Nini hii?"

"Mmoja wa ile miche minane. Pitisha kidole!"

Akapitisha. Juu, chini. Laini.

"Waridi la Bwana Kitalu lina miiba kama makucha ya paka. La kwako hivyo hivyo. Miche yote minane haina mwiba hata wa dawa. Baba yao yuko wapi?"

Akakitoa kile kioo jichoni.

"Kwa hiyo..."

"Hawana baba. Ua limejizalisha lenyewe, kwa chavua yake lenyewe. Na hii lebo niliikuta juzi kwenye kopo la mbegu. Mwandiko wa nani huu?"

Dada yake akainyakua, akasoma kwa sauti:

"'Nyuzi zimekatwa saa tatu na robo asubuhi.'"

"Siku hiyo mimi nilikuwa sokoni," nikasema. "Kazi nilikuachia wewe. Ua limeshafunguka, chavua imeshamwagika, wewe ndio kwanza unafika na kibano chako."

"Fundi saa mzima!" dada yake akaangua kicheko. "Tena kajiandikia mwenyewe!"

Yeye hakucheka. Macho yalimwiva.

"Nilidhani nimewahi."

"Ulidhani mabaya yangu kabla ya kudhani makosa yako."

Akainuka, akaenda uani. Aliporudi alikuwa ameshika kisahani chenye vumbi la njano.

"Nije nikusaidie?"

"Mikono ninayo."

Nyumbani nilipaka ua langu mwenyewe, nikalifunika. Simu ikalia, ujumbe wake.

"Umeshapaka?"

"Nimepaka. Nimefunika."

"Nisamehe."

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Umeniamini kwa sababu ya tawi. Je, kama tawi lingekosekana?"

Hakujibu. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa bado nampenda, nisiwafiche. Lakini mwanamume wa kumletea ushahidi kila siku sikumtaka, hata kama ningelia mwaka mzima.

Ua hupakwa mara mbili. Kesho yake alfajiri nikatoka na brashi na kile kisahani, nikamkuta amesimama getini. Sikumfukuza. Tukaongozana hadi kwenye mti. Mfuko haukuwepo. Upepo ulikuwa umeuchukua, na katikati ya ua letu nyuki alikuwa anajipangusa. Ng'ambo ya ukuta, waridi za Bwana Kitalu zimejaa, nyeupe pe.

"Sema," nikamwambia. "Sema unachotaka kusema."

Akampuliza nyuki, nyuki akaruka. Akachukua brashi mkononi mwangu, akaichovya kwenye chavua, akapaka taratibu. Akavisha mfuko mpya, akaufunga kwa uzi.

"Litakalotoka ni letu."

"Hata likitoka jeupe?"

"Hata likitoka jeupe na miiba ya jirani. Sitakuuliza. Jana sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Nimekesha nalo, ndilo hili."

Machozi yakanitoka, sikuyafuta.

"Basi mpigie mama. Sasa hivi."

Akapiga, akaweka spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, yule fundi. Niliyemkimbia mwanao."

"Ehe! Umesahau nini huku?"

"Nataka kumposa, mama."

Nikasikia mama anavuta pumzi.

"Mpe simu mwenyewe."

Nikaipokea kwa vidole vilivyojaa chavua.

"Mwanangu, unamtaka huyu?"

"Namtaka, mama."