Picha ya Mto Kutoka Mnadani

Kioo cha picha kilikuwa kimeingia ukungu kwa ndani. Tupokigwe alikifuta kwa khanga, ukungu haukutoka.

Mumewe Tadeo, mwalimu wa shule ya misheni hapa Mbeya, aliinunua Iringa, kwenye mnada wa mzungu aliyekuwa akiuza vyombo ili arudi kwao. Ilikuwa picha ya kuchapwa, yenye fremu ya rangi ya dhahabu: mto, miti mirefu, njia tupu kando ya maji. Ukiikaribia uliona madoadoa ya rangi tu. Ukirudi nyuma, mto ulitokea. Tadeo aliipenda papo hapo, akasafiri nayo kwenye basi akiikinga vumbi kwa koti lake.

Tangu ilipotundikwa, alichoka. Akitoka shuleni alikaa mbele yake bila kuvua viatu, ugali ukapoa. Sebule ikaanza kunuka tope na majani yaliyooza, na mchana kweupe, kiangazi, Tupokigwe akimenya viazi jikoni alisikia mtu akiburuta miguu kwenye tope, akienda, akirudi, kisha akisimama nyuma ya kiti cha mumewe kama anayengoja kupishwa, mpaka asubuhi moja Tadeo akashindwa kabisa kuinuka.

"Kuna mtu amenikalia," alinong'ona. "Mzito."

Tupokigwe alimleta bibi Anyitike, mganga wa Uyole. Bibi alifukiza majani, akamwonya kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nitasema naye mimi. Wewe usimpe neno lolote. Atalishika."

Akamgeukia Tadeo. "Wewe uliye ndani, unataka nini?"

Mdomo wa Tadeo ulifunguka, lakini sauti haikuwa yake. "Nimechoka. Natembea tu kando ya mto. Sina pa kukaa."

Bibi alimwamuru atoke, akakataa. Jua likapanda, likashuka. Tupokigwe, ambaye wiki nzima alikuwa akimlisha mumewe na kumgeuza kama mtoto mchanga, aliishiwa nguvu, akaketi chini.

"Mwachie mume wangu, jamani!" alilia. "Kaa popote upendapo!"

"Ah, mwanangu!" bibi aliguta.

Tadeo alisimama. Akanyoosha mgongo, akaomba chai.

Tupokigwe alicheka huku machozi yakimtoka, akataka kwenda kubandika birika. Hakuweza kuinuka. Kitu cha baridi kilikuwa kimejibwaga mapajani mwake, kikashusha pumzi ndefu, kama mgeni aliyefika.