Mkeka Uliotoweka Ndagoni

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi, Hafidha alifungua ghala la zamani la nazi pale Ndagoni akakuta ukuta wa mbele uko mtupu. Kulabu mbili zilikuwa mahali pake. Kibandiko cha maelezo kilikuwa mahali pake. Mkeka haukuwepo.

Maonyesho ya historia ya Kambi ya Wasanii ya Ndagoni yalipangwa kufunguliwa saa kumi jioni ile ile. Hafidha, msimamizi wake, alikuwa ametumia miaka miwili kukusanya picha na barua za watu walioishi kambini tangu miaka ya sabini. Katika kazi hiyo aligundua jambo lililowaudhi wengi. Picha maarufu aliyoichora marehemu Awadh, mwanzilishi wa kambi, ile ya mji wa Kisimani ukimezwa na bahari, ilikuwa imeigwa mstari kwa mstari kutoka kwenye mkeka. Mkeka huo aliusuka Bi Somoe, mpishi wa kambi, miaka miwili kabla ya picha. Pasipo mkeka ule ukutani, Bi Somoe angebaki kuwa mpishi tu.

Koplo Aziza alifika kwa pikipiki kutoka kituo cha polisi cha Kilindoni saa mbili na robo. Hakugusa kitu. Alichuchumaa chini ya kulabu akatazama sakafu ya saruji. Palikuwa na alama ya unyevu, futi sita kwa tisa hivi. Pembeni pamelowa, katikati pakavu. Karibu na mlango, mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa wazi na kata yake iko chini.

"Paa linavuja," alisema Jumanne, mlinzi.

"Mvua ilinyesha lini?"

"Wiki iliyopita, afande."

"Basi ni paa lenye subira," alisema Aziza, akaandika. "Uliondoka hapa saa ngapi?"

"Sikuondoka."

"Jumanne."

Mlinzi akajikuna shingo. "Nilikwenda kuswali alfajiri. Halafu nikapita kwa Iddi kunywa chai. Nilirudi saa kumi na mbili na nusu. Ufunguo niliuacha kwenye msumari nyuma ya dirisha, kama siku zote."

"Nani anaujua msumari huo?"

"Ndagoni nzima. Lakini mimi sikuiba, wallahi! Mkeka wa futi tisa ningeuweka wapi, mfukoni?"

"Angekuwa na akili ya kuiba angekuwa na akili ya kulinda," alisema Hafidha kwa hasira. "Afande, jana Bi Somoe aligomba hapa. Alisema kama jina la Awadh litaandikwa kubwa kuliko lake, atauchukua mkeka wake aende nao. Nimwambie nini leo? Kwamba tumempa jina asubuhi, tukampokonya kabla ya jioni?"

Saa tatu na nusu, Aziza alimkuta Bi Somoe barazani kwake akichana kwa kisu majani ya ukindu ya kusukia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza. Kwenye sakafu kuna maji, alama ya ukubwa wa mkeka."

Bibi aliacha kuchana. Uso ukamkunjamana.

"Basi aliyeutoa anajua mikeka. Mkeka wa ukindu ukikaa ukutani unakauka. Ukiukunja hivyo hivyo, unakatika. Unautandika kwanza, unaurashia maji, unangoja ulainike, ndipo unaukunja."

"Nani Ndagoni anajua hayo?"

"Kila mwanamke aliyesuka. Wa kwanza mimi. Haya, andika!" Alirusha kisu chini. "Miaka arobaini na saba nasikia watu wakiisifu picha ya Awadh, mimi nawapelekea chai. Sasa niibe cha kwangu mwenyewe!"

Aziza alikiokota kisu, akakirudisha taratibu karibu na mkono wa bibi. Aliomba tu aazimwe mkeka mkuukuu.

Saa tano alikuwa ghalani tena, akipita picha moja moja. Alisimama mbele ya picha ndogo ya kamera ya mwaka 1983: mtoto wa kiume amelala juu ya mkeka, jikoni.

"Nani huyu?"

"Sabri, mtoto wa Awadh," alijibu Hafidha. "Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga. Bi Somoe ndiye aliyemlea, hadi alipopelekwa shule ya bweni Dar es Salaam akiwa na miaka kumi. Nyumba yake ndiyo hiyo, hatua kumi kutoka hapa."

Kabla ya adhuhuri Sabri mwenyewe aliingia, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na ile picha ya Kisimani aliyoichora baba yake mikononi.

"Poleni sana. Nimeleta hii izibe pengo. Wageni wasikute ukuta mtupu."

"Umefanya haraka," alisema Hafidha.

"Dada Hafidha, hasira hazitarudisha mkeka."

"Unadhani nani kauchukua?" aliuliza Aziza.

"Sipendi kumsema mtu mzima. Lakini dada Hafidha mwenyewe alimsikia jana. Mimi mambo ya mikeka siyajui, afande. Nimekulia bwenini."

Aziza aliitikia kwa kichwa. Alichukua ule mkeka wa kuazima, mkavu, rangi zimefifia, akauweka magotini. Akaanza kuukunja kwa nguvu mara mbili, kama mtu anayekunja gazeti. Ukindu ukalia.

"Utaukata!" Sabri alipaza sauti, mkono umeshanyooka. "Uloweshe kwanza, uache—"

Akaurudisha mkono.

"Uache kidogo ulainike," alimalizia Aziza. "Bwenini walifundisha hilo?"

Sabri aliishusha picha sakafuni.

"Mwizi mgeni angeukunja mkavu akatuachia vipande sakafuni," aliendelea Aziza. "Wanawake wa kijiji wana sababu ya kutaka mkeka ukae ukutani; ndio unaompa mwenzao jina. Nyumba yako iko hatua kumi. Nikiingia na mjumbe wa kijiji, nitaukuta wapi?"

"Darini," alisema Sabri. "Nilitaka kuuchoma. Nikashindwa. Nililala juu yake miaka yote ile." Aliiangalia picha ya baba yake. "Watu wanakuja kutoka ng'ambo kwa ajili ya jina hili. Baba akiwa mwigaji, mimi ni nani?"

Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote. Sabri akamgeukia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia.

"Ulijua," alisema. "Nilikufundisha kuulowesha ukiwa na miaka sita. Ukakumbuka maji, ukasahau mikono iliyokufundisha. Na ukawaacha wanione mimi ndiye mwizi."

"Nisamehe, mama."

"Sijafika huko."

Saa kumi jioni mkeka ulirudi kwenye kulabu. Wageni walijaa hadi nje. Bi Somoe alikuwa amemwomba Aziza jambo moja kabla hajampeleka Sabri kituoni, na Aziza alikubali: kibandiko kipya kiandikwe kwa mkono wa Sabri, naye akisome mbele za watu.

Alisoma kwa sauti ya chini. Kwamba mkeka huu umesukwa na Somoe wa Ndagoni, mwaka 1976. Kwamba picha ya Awadh imeigwa kutoka kwenye mkeka huu.

"Nyuma hawasikii," alisema Bi Somoe. "Soma tena."