Honi Iliyojibiwa Kona ya Muiri

Wewe, ushawahi kupiga honi mahali hakuna gari... halafu ukajibiwa?

Usinijibu haraka. Mimi ni mtu wa degree, Geography, second class upper, na tangu nitoke chuo nimeandika applications mpaka kidole kimeota sugu. Sikufundishwa mambo ya pepo. Nilifundishwa mabonde na mito. Kwa hivyo nikikuambia kuna bonde moja sipiti tena, sikiliza.

Ilikuwa Julai hii ya themanini na saba, ule msimu ukungu wa Nyeri unaingia mpaka ndani ya mfuko wa koti. Nakaa Endarasha kwa dada yangu Wachuka, maana graduate asiye na kazi hukaa mahali atapewa githeri bila maswali. Mume wake, Simeon, alikuwa dereva wa lori la kabichi. Mvua za mwaka uliotangulia, lori lilitoka barabarani pale Kona ya Muiri likaingia bondeni, chini kabisa kwa mto. Mwili haukutolewa. Sasa Wachuka si mke, si mjane. Kila mara ananiambia nimpeleke mjini kwa pikipiki aliyoacha Simeon, akaulize ofisi ya serikali watamtoa lini.

Siku hiyo walimjibu kwa English, ati the matter is receiving attention, yaani jambo linashughulikiwa. Dada yangu hajui English nyingi. Aliinama akasema asante. Mimi niliuma ulimi.

Kabla ya kurudi tulipitia kwa Ogutu, fundi wa nyuma ya soko. Honi ya ile Yamaha ilikuwa imefungwa chini, nyuma ya gurudumu la mbele, na matope ya Endarasha yalikuwa yameiziba. Asubuhi nilibonyeza kwa ukungu, ikanyamaza, nusura nigonge ng'ombe wa wenyewe.

"Msomi," Ogutu alisema akiwa amepiga magoti, "hii honi haijakufa. Imeshiba tope. Wacha nikuwekee ingine, juu hapa kando ya taa. Hapa matope haifiki."

Akatoa honi nyeusi, iliyojikunja kama konokono, mdomo umebonyea upande mmoja.

"Hiyo si ya lori?"

"Ni ya lori. Huwa zinakuwanga mbili, moja sauti nyembamba, moja sauti nzito. Hii ni ile nzito. Pacha yake sijui iko wapi. Askari fulani aliokota hii kwa barabara, akaniletea." Akakaza nati. "Lakini usingoje maajabu. Betri yako ni volti sita, hii inataka kumi na mbili. Itakohoa tu kama mzee wa kanisa."

Nikabonyeza.

Haikukohoa. Ilinguruma mpaka wanawake wa viazi wakageuka wote. Ogutu aliangalia betri, akaangalia honi, akafuta mikono kwa kitambaa.

Wachuka alikuwa amesimama kando na kikapu chake, macho kwa ile honi.

"Twende nyumbani, Mutahi," alisema. "Chai haijawekwa."

Sikuelewa wakati huo kwamba ameitambua ile sauti. Madereva wa pande zile walikuwa na mipigo yao ya honi, kila mmoja wake, ya kumwambia bibi aweke chai jikoni kabla hajafika. Wa Simeon ulikuwa mbili fupi, moja ndefu. Ungeusikia kutoka ng'ambo ya ridge, na Wachuka angeacha chochote alichoshika, akawashe moto.

Tulipita Mweiga jua likizama. Mbele, ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama ng'ombe aliyelala. Nikapunguza mwendo. Kona ya Muiri haina ukuta, haina kigingi, haina hata jiwe lililopakwa chokaa. Ni lami, kisha majani, kisha hewa.

Nikabonyeza honi. Moja tu.

Booo...

Ikarudi.

Mwangwi, nikajiambia. Bonde lina mwamba, mwamba unarudisha sauti. Form Two Geography.

Lakini mwangwi haubadilishi sauti. Mimi nilipiga nzito. Iliyorudi ilikuwa nyembamba.

Na nilipiga moja.

Zilirudi mbili fupi... moja ndefu.

Injini ikazima. Sikuizima mimi. Halafu harufu ikapanda kutoka chini. Kabichi. Kabichi iliyooza, na dizeli mbichi, kana kwamba lori limeanguka sasa hivi.

Kiti cha nyuma kikawa chepesi.

"Wachuka?"

Alikuwa ameshuka. Alikuwa anatembea, polepole, kama mtu anayeenda kufungulia mgeni mlango. Viatu vyake vilitoka kwa lami vikaingia kwa majani.

"Huyo ni Simeon," alinong'ona. "Anasema amefika."

Niliangusha pikipiki nikakimbia. Nilimshika leso ya kiunoni. Dada yangu ni mtu mwembamba, nimembeba nikicheza naye... siku hiyo alinivuta kama trekta. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari umekanyaga hewa. Mchanga ulimwagika kule chini. Sikusikia ukigonga kitu.

Nyuma yetu, honi ikalia.

Hakuna mtu kwa pikipiki. Imelala kwa ubavu, switch imezimwa, na inalia, nzito, ndefu. Na chini ikajibiwa.

"Nakuja," Wachuka alisema.

"Zima hiyo kitu." Sauti ya tatu. Mwanamke mzee alikuwa ametoka kwenye ua wa miiba ya kei-apple na taa ya mafuta mkononi. Ni cucu Watiri, nyanya mwenye shamba la pale konani. Aliongea chini chini, kama mtu aliye na mtoto amelala. "Ng'oa waya, kijana. Ukipiga, anadhani mmemjia."

Aliweka taa chini akamkumbatia Wachuka kiunoni, tukaanguka chini sote watatu. Yeye akamkalia miguu. Mimi nikatambaa nikang'oa waya kwa meno.

Kimya.

"Cucu," nikanong'ona, "nani yuko huko?"

Hakuniangalia.

"Ile siku lori ilianguka, honi ililia usiku wote. Na kesho yake. Mbili ndogo, moja kubwa. Tukasema ni roho ya waliokufa, tukafunga milango. Tukaita watu wa kanisa. Tuliimba nyimbo kwa nguvu ndio tusisikie." Alisogeza taa karibu. "Kichwa changu kiliniambia, Watiri, maiti haipigi honi. Nikaenda kwa chifu. Chifu akapeleka ofisini. Wakasema tungoje maji ya mto yapungue."

"Ikaendelea kulia mpaka lini?"

"Mpaka ikachoka."

Wachuka alikuwa anasikia. Hakulia. Aliuliza tu, "Yapungue?"

Nilirudisha honi kwa Ogutu. Hakutaka kuigusa. Aliniambia betri ya lori haiwezi kukaa ndani ya maji mwaka mzima, na honi ya pikipiki haiwezi kulia switch ikiwa imezimwa. "Hayo mawili nakuapia," akasema. Kuhusu nani aliyejibu kule chini, hakuapa. Honi iko chini ya kitanda changu, imefungwa kwa gunia. Ukungu ukishuka, gunia linakuwa na joto.

Na Wachuka ameanza kusuka kamba. Ya katani, nene. Jioni anakaa nayo mlangoni. Nikimuuliza ni ya nini, ananiuliza nimekula.

Sasa nyinyi wa ofisi ile. Wewe uliyesema maji yapungue, na wewe uliyeandika hakuna manusura bila kukanyaga hata jani moja la Kona ya Muiri. Maji yalipungua kitambo. Sitaki receiving attention. Nataka mje mchana, na watu, na winchi, mteremke mpaka kwa ile kabini, mfungue mlango. Mtakachokuta humo, chochote kile, kipandisheni mpeni mkewe azike. Na mje wiki hii. Kamba ya dada yangu imebaki kidogo ifike chini.