Risasi Alizobadilisha Lyle

Ndugu zangu mnaoingia msituni kuwinda kila Novemba, nanyi mnaobaki nyumbani kuwangoja, nitegeeni sikio kidogo. Kisa hiki ni cha nyumba ya Lyle Kostecki, wa huku kwetu kaskazini mwa Wisconsin. Sikisimulii ili mumcheke. Mkitaka kucheka chekeni, lakini mkimaliza kila mmoja ajitazame mwenyewe.

Nyumba ile ilikuwa na amani. Jumamosi moja ya Oktoba Lyle alikuwa jikoni akikatia vitunguu mchuzi wa maharage, mlango ukafunguliwa, wakaingia mkewe Joleen na binti yao Brenna, pua nyekundu kwa baridi, wanacheka. Walikuwa wametoka uwanja wa shabaha. Brenna alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mfupi kuliko wenzake wote darasani. Umbo lile alilirithi kwa mama yake.

"Baba, tazama!" Akamtandazia karatasi ya shabaha juu ya vitunguu. Matundu yalikuwa yamekusanyana hata ungeyafunika kwa kikombe cha chai.

"Haya umepiga wewe?"

"Sasa nani mwingine? Mama alikuwa anakula karanga."

Lyle akambeba juu juu kama mtoto mchanga, binti akapiga kelele ashushwe. Joleen akaweka mezani pakiti ya risasi. Zilikuwa zile za teke dogo, zilizopunguzwa baruti ili bunduki isimpige mtu begani. Yeye mwenyewe alizitumia miaka yote, na kulungu wake walianguka kama wa watu wengine, mradi asipige wa mbali mno.

"Darubini ya bunduki yake tumeirekebisha kwa risasi hizi," akamwambia mumewe. "Usije ukachanganya na zako, Lyle, maana zote zinaingia bunduki hiyo. Zako zina nguvu, zitapiga juu, na mtoto zitamuumiza."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia au umeitikia tu?"

"Nimesikia!"

Alikuwa amesikia kweli. Hilo ndilo linaloniuma kila nikikisimulia kisa hiki. Asingejua, tungemsamehe mapema.

Siku moja kabla ya msimu wa kuwinda kufunguliwa, Lyle na Brenna wakaenda kwenye kibanda cha ukoo kule msituni. Joleen mwaka ule alikuwa na zamu kazini, hakwenda. Walimkuta Duane, kaka mkubwa wa Lyle, na wanawe wawili vijana, wameketi karibu na jiko la kuni, soseji zinakaangwa, bia zimefunguliwa. Brenna akaonyesha karatasi yake, wakampigia makofi. Kisha Duane akaiona ile pakiti.

"Hizi nini? Risasi au peremende?"

"Ni za teke dogo, Baba Mkubwa," Brenna akajibu.

"Lo! Lyle, na chupa ya maziwa umeleta? Mtoto asije akalia usiku." Wanawe wakaangua kicheko. "Yule kulungu dume wa kwenye kinamasi ukimpiga na hizi atageuka akuulize, samahani, kuna mtu kanigusa? Marehemu baba alitupa bunduki hii hii na risasi za watu wazima. Tulikufa?"

"Hatukufa," Lyle akasema, akacheka naye.

Niwaambie asichokisema. Alipokuwa na umri wa Brenna, bunduki ile ilimwachia bega jeusi mpaka Krismasi. Kwa miaka mingi baadaye alikuwa akifumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, akikosa na kusingizia upepo. Wakati ule alikuwa hajamwambia mtu, hata Joleen. Usiku ule alilala huku maneno ya kaka yake yakimzunguka kichwani. Mwanamume wa makamo, mwenye nyumba yake, bado anataka kaka yake amwone mwanamume.

Alfajiri baba na binti wakapanda kwenye jukwaa lao juu ya mti, wamevaa nguo za rangi ya machungwa mwili mzima, wawindaji wengine wasije wakawadhania kulungu. Theluji nyepesi ilikuwa imelala. Ilipofika saa ambayo sheria inaruhusu kupiga, Lyle akaichukua bunduki ya binti yake aijaze. Akatia mkono mfuko wa kulia, zilikokuwa risasi za Brenna. Akautoa. Akatia mfuko wa kushoto, zilikokuwa zake, akaijaza kwa hizo. Risasi moja tu haitamdhuru, alijiambia, na dume akianguka pale pale Duane atafunga mdomo. Brenna alikuwa akitazama msitu. Hakuwa na sababu ya kutazama mikono ya baba yake.

Dume akatoka kwenye mierezi, akasimama ubavu. Brenna akalenga taratibu, akapumua kama alivyofundishwa, akavuta.

Bunduki ikamrusha nyuma. Ukingo wa darubini ukampasua juu ya jicho, damu ikamwagika usoni. Kulungu akaanguka, akajikokota, akainuka, akapotea kwenye vichaka huku mgongo umepinda.

"Baba, imenipiga! Kule uwanjani haikuwa hivi!" Alikuwa ameshika uso kwa mikono yote miwili. "Baba, hii imekuwaje?"

Lyle alikuwa na nafasi ya kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alimwona Duane akija mbio kwenye njia, akiita, "Kaanguka? Kaanguka?"

"Umefumba macho, mwanangu," akasema. "Umeogopa kidogo tu. Hutokea."

Mimi naona hapo ndipo alipomjeruhi hasa. Lile jeraha la nyusi lilishonwa likapona.

Waliifuata damu asubuhi nzima. Kwanza ilikuwa nyingi kwenye theluji, baadaye matone, baadaye nywele tu kwenye matawi. Ilipofika kinamasini, kwenye maji meusi yasiyoganda, ikakatika. Brenna, bendeji jichoni, alizunguka ukingo ule akiita kulungu kama mtu anayemwita mbwa wake. Hawakumpata. Mnyama yule alikwenda kufa polepole mahali asipojua mtu, na nyama yake haikumfaa yeyote.

Jioni ikaja desturi. Kwenye kibanda kile aliyekosa mnyama, au aliyempoteza, hukatwa pindo la shati, likapigiliwa ukutani pamoja na mengine ya miaka yote. Duane akaleta mkasi.

"Baba mtu akate mwenyewe!"

Brenna akasimama katikati, akamgeuzia baba yake mgongo. Kabla Lyle hajakata, binti akageuza shingo akamtazama kwa jicho lile moja, muda mrefu kidogo. Lyle akakata. Watu wakapiga makofi.

Majira yale yote ya baridi Brenna hakugusa bunduki. Joleen alimwita uwanjani, akakataa kwa upole. Hakuwa mkorofi, hakununa. Ila jambo likimsumbua shuleni alimweleza mama yake, na baba akiingia mazungumzo yalibadilika yakawa ya hali ya hewa. Lyle alikonda. Mwishowe, Februari, wakiwa mezani na sahani zao, akashindwa.

"Brenna, ile risasi haikuwa yako. Nilibadilisha. Niliweka za kwangu."

Joleen akaweka uma chini.

"Najua, Baba," Brenna akasema.

"Unajua? Nani kakwambia?"

"Bega langu. Nilipiga zile za Mama mwezi mzima, nitashindwaje kuzijua?"

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Sauti yake haikupanda. "Niliposhuka kwenye mti nikasema, atasema. Kule kinamasini nikasema, anangoja tuwe wawili. Wakati wa shati nikakutazama. Nikajua hutasema."

Lyle akafunika uso, akalia mbele yao kwa sauti. Brenna akainuka akampigapiga begani kama mtu anayemfariji mgeni, akaenda chumbani kwake. Joleen aliosha vyombo bila kumwambia mumewe neno lolote, na siku nyingi zikapita hivyo.

Lyle alimfuata kaka yake, akasema kweli mbele ya wanawe, akaenda kibandani akabandua pindo lile ukutani kwa mkono wake. Kulungu hakurudi.

Novemba iliyofuata Lyle akamwomba binti yake waende tena, akakubali kwa adabu. Wakapanda jukwaani. Baba akaijaza bunduki mbele ya macho yake, polepole, akampa.

Brenna akaipokea. Akaifungua. Akazitoa risasi moja moja akaziweka mapajani, akaomba pakiti, akalinganisha kila moja na maandishi yake.

"Ni zile zako, mwanangu. Haki ya Mungu ni zako."

"Sawa, Baba," akasema, akaendelea kuziangalia.

Akazirudisha, akafunga, akatazama msitu. Wakakaa hivyo mpaka mchana, bega kwa bega, na Lyle akajua kwamba maadamu wanaishi, mtoto huyu atahakikisha mwenyewe kila atakachopokea mkononi mwake.

FUNZO

Mchagulie mtoto, au mtu yeyote mwenye mwili mdogo, risasi ambayo bega lake litaistahimili. Asiyeogopa bunduki yake hulenga vizuri, na mnyama hufa haraka bila mateso. Bunduki iliyorekebishwa kwa risasi za aina moja isitiwe za aina nyingine kabla ya kujaribiwa tena kwenye shabaha. Wanaocheka risasi za teke dogo waacheni wacheke. Hawatakuwapo mtakapoifuata damu.

Na wewe mzazi, ukimkosea mtoto, mwambie siku ile ile, hata kama wakubwa wenzako wanasikia. Usimtwike kosa lako. Huenda anajua tayari, na anakungoja.